KUFUNDISHA NENO "INFLICT": NANI, NINI, NA JUU YA NANI

Utangulizi

Maneno ya Kiingereza anayokutana nayo mwalimu wa shule ya msingi ni ya namna mbili. Yapo yale ambayo maana yake huonekana kwa macho: mwalimu huinua kitabu, huonyesha dirisha, huruka mara moja mbele ya darasa, na watoto huelewa bila tafsiri. Yapo pia yale yasiyoshikika kwa mkono wala kuchoreka ubaoni. Neno "inflict" ni la namna hii ya pili. Hutokea katika vitabu vya kusoma vya madarasa ya juu, katika magazeti, na katika habari za vita na za michezo. Mwanafunzi akiuliza maana yake, mwalimu mwenye haraka humjibu kwa neno moja tu: "kutesa". Jibu hilo si uongo, lakini halitoshi. Na madhara ya jibu pungufu yanaweza kwenda mbali kuliko alama zinazopotea katika mtihani.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kumwangalia mwanachuo aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha. Darasa lilikuwa la VI. Mwanachuo aliandika ubaoni "inflict = tesa", akawataka watoto warudie neno hilo mara tatu, kisha akawaambia kila mmoja atunge sentensi moja katika daftari lake. Alipokuwa akipita kati ya madawati kusahihisha, alikuta mtoto mmoja ameandika hivi:

"My uncle inflicts me every day."

Mwanachuo aliikata sentensi hiyo kwa wino mwekundu, akampa mtoto sentensi sahihi iliyomo kitabuni ili ainakili. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya darasa, nikaliona daftari lile, nami nikaandika katika fomu yangu kwamba masahihisho yalifanywa kwa uangalifu. Ilikuwa jioni, nikiwa njiani kurudi chuoni, nilipotambua kwamba sisi wawili tulikuwa tumelisoma kosa bila kuisoma sentensi. Kisa hiki nitakirudia mwishoni. Kwa sasa yatosha kusema kwamba ndicho kilichonifanya nilichunguze neno hili upya, na kwamba njia ya kulifundisha ninayoieleza hapa ilianzia pale.

Asili na maana ya neno

Neno "inflict" limetoka katika Kilatini. Kitenzi "fligere" kilikuwa na maana ya kupiga au kugonga, na kiambishi "in" kilichotangulia kilionyesha mwelekeo: kupiga kitu juu ya kingine, kukibamiza. Waingereza walianza kulitumia katika karne ya 16. Neno hili linao ndugu wawili wa shina moja ambao mwalimu hana budi kuwafahamu. Wa kwanza ni "afflict", lililoingia katika Kiingereza mapema zaidi, katika karne ya 14. Wa pili ni "conflict", ambalo kwa asili ni kugongana, na leo ni mgogoro au mapambano. Mwalimu anayeona kwamba maneno haya matatu yanabeba pigo ndani yake atayakumbuka kwa urahisi zaidi kuliko yule anayeyakariri moja moja.

Jambo hili si geni kwa msemaji wa Kiswahili. Sisi pia tunalo neno "piga" ambalo hutoka katika mkono na kuingia katika mambo yasiyo ya mkono. Tunasema, "Mahakama ilimpiga faini." Hakuna fimbo iliyoinuliwa, hata hivyo kuna kitu kizito kilichotoka kwa mwenye nguvu kikamwangukia mwingine asiyekitaka. Hiyo ndiyo picha iliyomo ndani ya "inflict".

Kwa hiyo twaweza kueleza maana yake hivi: ni kumletea mtu, mnyama au kitu jambo baya au chungu, hata likamfika. Maelezo haya yana sehemu tatu. Kwanza, yuko anayeleta. Pili, kipo kinacholetwa, nacho ni kibaya: maumivu, jeraha, hasara, adhabu, aibu, kushindwa. Tatu, yuko anayefikwa. Neno "tesa" katika Kiswahili humtaja anayetesa na anayeteswa, lakini halilazimiki kutaja kinacholetwa, kwa sababu mateso yamo ndani ya kitenzi chenyewe. "Inflict" halikubali hivyo. Lenyewe ni kama mkono mtupu. Kilichomo mkononi lazima kitajwe.

Hapa ndipo penye upungufu wa kuandika ubaoni "inflict = tesa". Alama ile ya usawa humwambia mtoto kwamba popote pafaapo neno moja, la pili nalo litafaa. Mtoto aliyetunga sentensi kuhusu mjomba wake alifuata maelekezo ya mwalimu barabara. "Mjomba hunitesa kila siku" ni Kiswahili safi kabisa. Kosa lilikuwa la ubao.

Umbo la sentensi

Tuzitazame sentensi tatu:

1. "The storm inflicted great damage on the village."
2. "The visitors inflicted a heavy defeat on our team."
3. "The thief inflicted a deep wound on the watchman."

Katika kila sentensi mpangilio ni ule ule. Anayeleta hutangulia, kisha kitenzi, kisha jambo baya linaloletwa, kisha kihusishi "on", na mwisho kabisa anayefikwa. Badala ya "on" mara nyingine huandikwa "upon", hasa katika maandishi mazito, bila kubadili maana.

Sasa tuilinganishe sentensi ya kwanza na Kiswahili: "Dhoruba ilikiletea kijiji hasara kubwa." Katika Kiswahili anayefikwa huingia ndani ya kitenzi kwa kiambishi chake, hapa "ki", halafu hutajwa mara tu baada ya kitenzi. Hasara hufuata nyuma. Wanasarufi huita kijiji yambwa tendewa na hasara yambwa tendwa, na kauli ya kutendea ndiyo inayoviwezesha vyote viwili kukaa karibu na kitenzi bila kihusishi chochote. Kiingereza cha neno hili hugeuza mambo: hasara hukaa karibu na kitenzi, na kijiji hupelekwa mwisho, nyuma ya "on".

Mwanafunzi anayefikiri kwa Kiswahili ataanza na mtu, kama lugha yake ilivyomzoeza. Ataandika:

"The storm inflicted the village great damage."

Au, akihisi kwamba kuna kihusishi kinachohitajika mahali fulani:

"The storm inflicted the village with great damage."

Sentensi zote mbili si sahihi. Lakini mwalimu asikimbilie kumwona mtoto mzembe. Kiingereza chenyewe humchanganya, kwa kuwa husema "The storm caused the village great damage", na hiyo ni sahihi. Mtoto ameona "gave him a book", ameona "caused him pain", akadhani kwamba "inflict" nalo litafuata njia hiyo. Huko ni kufikiri, na kufikiri hakustahili wino mwekundu pasipo maelezo.

Katika kauli ya kutendwa, jambo baya ndilo linalokuja mbele: "Great damage was inflicted on the village by the storm." Hatusemi "The village was inflicted." Kanuni fupi ya kumpa mwanafunzi ni hii: katika "inflict", kinachotendwa ni jambo baya, wala si mtu. Mtu ni mahali linapoangukia.

Yafaa pia kutaja matamshi. Mkazo huangukia silabi ya pili: in-FLIKT. Mwisho wake una konsonanti mbili zinazofuatana bila irabu, jambo ambalo ulimi wa Kiswahili haulipendi, na watoto wengi watatamka "infilikiti". Waanze kutamka "flik" peke yake, kisha waongeze "t" nyepesi mwishoni. Umbo la wakati uliopita, "inflicted", ni rahisi zaidi kwa sababu "t" hupata irabu ya kuegemea: in-FLIK-tid.

Mwisho wa sehemu hii, ikumbukwe kwamba jambo linaloletwa na "inflict" huwa baya daima. Mtu akilitumia kwa jambo jema, anafanya mzaha. Mgeni Mwingereza anayewaaga wenyeji wake aweza kusema, "I shall not inflict myself on you any longer." Ana maana kwamba hataki kuwa mzigo. Msemo huo wataufurahia watoto wanaojua kwamba mgeni ni siku mbili, na siku ya tatu hupewa jembe.

Maneno ya jirani

Neno haliwezi kufahamika vyema mpaka lisimamishwe karibu na majirani zake. Mwalimu ajiandae kwa maneno manne.

La kwanza ni "cause". Hili ni pana na halina upande. Mtu aweza kusababisha furaha, ajali, mabadiliko au kicheko. "Inflict" ni jembamba: hubeba uchungu tu.

La pili ni "impose". Hili nalo hufuatwa na "on", na umbo lake la sentensi hufanana na la "inflict". Lakini "impose" huhusu zaidi mambo yanayowekwa kwa mamlaka: kodi, sheria, masharti, faini. Serikali ya kikoloni iliwatoza watu kodi ya kichwa. Hapo Kiingereza husema "imposed a tax". Maumivu yaliyotokana na kudai kodi hiyo kwa nguvu ndiyo tutakayosema yalikuwa "inflicted".

La tatu ni "torture". Hili ni kutesa hasa, na hufuatwa na mtu moja kwa moja: "They tortured the prisoner." Ndilo lililo karibu zaidi na "tesa" kwa umbo. Maneno haya mawili hukutana katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Utesaji, uliopitishwa tarehe 10 Desemba, 1984, na kuanza kutumika tarehe 26 Juni, 1987. Katika kifungu chake cha kwanza, mkataba huo unapoeleza utesaji ni nini kwa Kiingereza, kitenzi kilichochaguliwa ni "inflict": maumivu makali, ya mwili au ya akili, ambayo mtu ameyatia kwa makusudi juu ya mwingine. Waandishi wa sheria hulipenda neno hili kwa sababu linawadai watatu wote waliotajwa hapo juu. Hakimu hawezi kuhukumu pasipo kujua nani, nini, na juu ya nani.

La nne, na lililo muhimu kuliko yote, ni "afflict". Hili huchanganywa na "inflict" hata na watu waliosoma sana. Umbo lake ni kinyume: anayefikwa hufuata kitenzi mara moja. "Drought afflicted the district." Mara nyingi huwa katika kauli ya kutendwa: "The old man was afflicted with blindness." Kiima chake kwa kawaida ni ugonjwa, ukame, njaa, huzuni, yaani dhiki yenyewe. Halimdai mtu aliyeileta. Vivyo hivyo majina yake: "affliction" ni dhiki au maradhi yenyewe, na "infliction" ni tendo la kuyaleta.

Kwa ufupi, "afflict" hutaja dhiki na aliyepatwa. "Inflict" humtaja pia aliyeleta. Tofauti hiyo ni ya sarufi, lakini matokeo yake si ya sarufi peke yake.

Mfano kutoka katika historia yetu

Tuchukue tukio ambalo watoto wa Tanzania husoma katika historia, yaani Vita vya Majimaji. Vita hivyo vilianza mwezi Julai, 1905, katika milima ya Umatumbi, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kuilima, vikaenea hadi Ungoni na sehemu nyingine za kusini. Wajerumani waliona kwamba bunduki hazitoshi kuvimaliza vita vya watu walioweza kujificha msituni. Wakachoma vijiji, wakateketeza mashamba na maghala, wakachukua chakula. Njaa kubwa ikafuata, na ikaendelea baada ya mapigano kwisha. Wajerumani wenyewe walikisia kwamba waliokufa ni 75,000; wanahistoria wa baadaye wametaja hata 300,000. Wengi wao hawakufa kwa risasi bali kwa njaa na maradhi.

Sasa mwanafunzi anataka kuandika habari hizo kwa Kiingereza. Aweza kuandika:

"Famine afflicted the people of the south."

Sentensi hii ni sahihi. Njaa iliwapata watu wa kusini. Lakini msomaji asiyejua historia atadhani kwamba mvua haikunyesha mwaka ule, au kwamba nzige walipita. Mwanafunzi mwingine aweza kuandika:

"The Germans inflicted famine on the people of the south."

Hii nayo ni sahihi. Njaa ni ile ile na watu ni wale wale. Kilichoongezeka ni aliyeileta. Sentensi ya kwanza huacha msiba uonekane kama majaliwa. Ya pili huonyesha kuwa ulikuwa tendo. Tarehe 1 Novemba, 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea na kuomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyoyatenda. Mtu haombi msamaha kwa ajili ya ukame. Huomba msamaha kwa jambo alilolitenda yeye, au waliolitenda wale anaowawakilisha.

Ipo pia sentensi ya tatu ambayo mwalimu awafundishe watoto kuiangalia kwa makini:

"Great suffering was inflicted on the people."

Hapa kitenzi ni "inflict", lakini aliyetenda amejificha nyuma ya kauli ya kutendwa. Sarufi inaruhusu. Vitabu vingi huandikwa hivyo, na si kila mara kwa nia mbaya. Hata hivyo mwanafunzi azoee kuuliza, kila anapoona sentensi ya namna hiyo: "By whom?" Na nani? Akiizoea tabia hii katika somo la Kiingereza, ataihamishia katika somo la historia, na baadaye katika kusoma gazeti.

Namna ya kulifundisha

Yafuatayo ni mapendekezo ya kipindi kimoja cha dakika 40 kwa darasa la VI au la VII. Vifaa vinavyohitajika ni ubao, chaki, na kadi za karatasi ngumu zilizoandikwa maneno.

Hatua ya kwanza (dakika 5). Mwalimu aanze na hadithi fupi, si neno. Asimulie, kwa mfano, jinsi upepo mkali ulivyoezua mapaa ya nyumba kijijini. Aulize kwa Kiingereza chepesi: Nini kilikuja? Kilileta nini? Kilikipata nini? Majibu matatu ayaandike ubaoni katika safu tatu: "the wind", "damage", "the houses".

Hatua ya pili (dakika 10). Kati ya safu ya kwanza na ya pili aandike "inflicted". Kati ya safu ya pili na ya tatu aandike "on". Watoto waisome sentensi nzima pamoja, kisha kwa vikundi, kisha mmoja mmoja. Neno lisiandikwe peke yake ubaoni. Liandikwe daima likiwa na safu zake tatu, hata mtoto akilikumbuka nyumbani alikumbuke pamoja na "on".

Hatua ya tatu (dakika 10). Mwalimu agawe kadi. Kundi moja la kadi liwe na watendaji: "the storm", "the army", "the locusts", "our team". La pili liwe na mambo mabaya: "damage", "heavy losses", "a defeat". La tatu liwe na wanaofikwa: "the farm", "the enemy", "the farmers", "the visitors". Watoto watatu wasimame mbele, kila mmoja na kadi yake, na wengine wawili washike "inflicted" na "on". Darasa liwapange. Mtoto mwenye kadi ya anayefikwa akikimbilia kusimama karibu na kitenzi, kama Kiswahili kinavyomwelekeza, wenzake watamrudisha mwisho wa mstari. Kosa linaloonekana kwa miguu husahihishwa upesi kuliko lile la karatasini.

Hatua ya nne (dakika 10). Kila mtoto atunge sentensi mbili katika daftari. Hapo mwalimu aweza kuwapa methali ya kujadili: wapiganapo tembo, nyasi huumia. Je, tembo walikusudia kuziumiza nyasi? Hawakukusudia. Je, twaweza kusema "The elephants inflicted damage on the grass"? Twaweza, kwa kuwa madhara yalitoka kwao, kama dhoruba nayo inavyoleta hasara bila kukusudia. Watoto wataona kwamba makusudi yanaweza kuwapo au kukosekana, lakini chanzo lazima kiwepo.

Hatua ya tano (dakika 5). Mwalimu akusanye sentensi chache nzuri, ziandikwe ubaoni na watoto wenyewe, na darasa lionyeshe katika kila moja: nani, nini, juu ya nani.

Neno "afflict" lisiingizwe katika kipindi hiki. Lisubiri siku mbili au tatu, mpaka umbo la kwanza limekaa. Maneno mawili yanayofanana yakifundishwa kwa wakati mmoja, mtoto huyakumbuka yote mawili kwa kuyachanganya.

Tahadhari

Neno hili ni la uchungu, na mifano yake huwa ya uchungu pia. Mwalimu asimtumie mtoto aliyemo darasani kuwa mfano wa anayeumizwa, wala asiinue fimbo ili kuonyesha maana. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu: mfano unaomchekesha mwalimu waweza kuwa kidonda kwa mtoto aliyetajwa. Aidha, mwalimu akumbuke kwamba yeye ni mtu mwenye nguvu mbele ya wasio na nguvu. Kiingereza hutumia "inflict" kwa maadui na kwa wezi, lakini pia hutumia "inflict punishment" kwa yeyote aadhibuye. Kabla ya kulifundisha neno, si vibaya mwalimu ajiulize maswali yale matatu kuhusu darasa lake mwenyewe.

Mwisho

Narudi kwa mtoto wa darasa la VI. Sentensi yake, "My uncle inflicts me every day", ina kosa moja la sarufi: haikutaja kinacholetwa. Mwalimu aliyelielewa neno vyema angemwuliza swali ambalo sarufi yenyewe inalidai: "Inflicts what?" Hukuletea nini? Swali hilo lingesahihisha sentensi. Pia lingemfungulia mtoto mlango wa kusema.

Asubuhi iliyofuata nilirudi shuleni pale pamoja na mwanachuo wangu. Tulizungumza na mwalimu wa darasa, mtu mzima na mwenye busara, naye akamwita mtoto faraghani na kumwuliza kwa Kiswahili, kwa upole, lile swali ambalo sisi hatukuliuliza. Mtoto alilijibu. Yaliyofuata yalishughulikiwa na wale waliostahili kuyashughulikia, wala si mambo ya kuandikwa hapa. Mwanachuo yule sasa ni mwalimu wa siku nyingi.

Ndugu mwanachuo, utakaposahihisha daftari za watoto, tafuta makosa, kwani hiyo ni kazi yako. Lakini isome kwanza sentensi kama barua uliyoandikiwa wewe, kisha ndipo uchukue kalamu nyekundu.